Ea klina ya gari la zamani: ya kuosha au ya kutupa?

Mwezi uliopita, nilipokuwa namjibu mwenye Datsun 1200 iliyokuwa ikitoa moshi mweusi, niliandika kwamba filta ya pamba ya ea klina (chombo kinachochuja vumbi kabla hewa haijaingia kwenye injini), ile ya kuosha na kurudishia, haifai kufungwa kwenye gari la zamani kabla mwenyewe hajajua barabara anazopita na mtu atakayekuwa anaiosha. Barua zimekuja kutoka pande nyingi. Kadhaa zinauliza jambo lile lile, kwa hiyo nimechukua chache na kuzifupisha.

Shikamoo mzee. Nimeachiwa na babu Land Rover 109 Series III ya petroli, bado ina ea klina yake ya oili. Fundi wangu ananishauri niitupe nifunge filta ya koni ya kisasa, ya kuosha, kwamba hii ya oili imepitwa na wakati na inaibana injini. Nimsikilize? (Iringa)

Marahaba mwanangu. Usiitoe.

Hiyo uliyonayo ni ya kuosha tayari, na Land Rover waliifunga kwa sababu walijua magari yao yanakwenda wapi. Kazi yake ni hii: hewa inaingia kwa juu, inashuka kwa kasi mpaka karibu na uso wa oili iliyo kwenye bakuli, halafu inalazimika kugeuka ghafla na kupanda. Hewa ni nyepesi, inageuka. Chembe za vumbi ni nzito, zinashindwa kukata kona, zinatumbukia kwenye oili na kubaki humo. Zile ndogo zinazofanikiwa kupanda zinakutana na msokoto wa waya uliolowa oili, nyingi zinanasia hapo. Vumbi likijaa halizibi njia ya hewa kama linavyoziba karatasi. Linakuwa tope chini ya bakuli, na gari linaendelea kuvuta vizuri.

Ina udhaifu wake, na ni haki uujue. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagiwa mafuta, hewa inapita polepole, kwa hiyo ile nguvu ya kutupa vumbi kwenye oili inapungua. Na kwa vumbi laini kabisa, filta nzuri ya karatasi inakamata zaidi. Lakini wewe hujaambiwa ufunge karatasi ndani ya nyumba yake iliyozibwa vizuri. Umeambiwa ufunge koni iliyo wazi chini ya boneti, inayovuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini na rejeta. Joto la chini ya boneti likizidi la nje kwa nyuzi 30, injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake. Kwa hiyo utalipia filta ya kuongeza nguvu, na nguvu itapungua.

Ihudumie hivi. Simamisha gari mahali tambarare, injini izimwe muda ili oili ishuke yote. Toa bakuli, mimina oili chafu kwenye dumu, si ardhini. Kwangua tope, osha bakuli kwa mafuta ya taa. Chukua ile sehemu yenye waya, itumbukize kwenye mafuta ya taa, iinue, itumbukize tena, mpaka yatoke meupe, kisha iache ichuruzike hadi ikauke kabisa. Jaza oili ya injini, ile ile unayotumia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), mpaka kwenye alama na usivuke hapo. Wakati wa kuihudumia utauona kwenye tope lenyewe: likifika unene wa sentimita moja, tayari. Kwa barabara za vumbi za kwenda Ruaha wakati wa kiangazi, fungua uangalie kila baada ya safari ndefu.

Kwa nini usivuke alama? Oili ikizidi, injini inaivuta. Ya petroli itatoa moshi na kuchafua plagi. Ya dizeli ni hatari ya kweli, na hili naliandika kwa ajili ya wote wenye 109 za dizeli na matrekta ya Massey Ferguson: injini ikiivuta oili ile inaichoma kama dizeli, mwendo unapanda wenyewe, na kuvuta stopa, ile ya kuzimia injini, hakusaidii kwa sababu mafuta hayapiti tena kwenye pampu. Njia kuu ni kuziba mdomo wa hewa, na mara nyingi watu hawafiki kwa wakati.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko aina ya filta. Ule mpira mnene unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye kabureta, ushike uupinde kwa mkono. Angalia upande wake wa chini, ule usioonekana ukiwa umesimama mbele ya boneti. Mipira ya umri huo hupasuka hapo, kwenye kiwiko, mpasuko mwembamba unaofunguka injini ikivuta na kujifunga ukizima. Kisha fungua klipu, chukua kitambaa cheupe, pangusa ndani ya mdomo wa kabureta. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, kuna vumbi linaloingia baada ya filta. Hapo hata ungefunga filta ya bei gani, injini inakula mchanga. Badilisha mpira, kaza klipu, safisha, na baada ya mwezi pangusa tena.

Habari fundi. Nina Peugeot 504 station wagon. Wiki hupiga safari za Nairobi kwa lami, wikendi naenda shamba, kilomita kadhaa za murram. Nimeona filta ya pamba ya K&N ya kuosha ambayo inadumu maisha. Si nitaokoa pesa? (Nakuru)

Nzuri. Tuanze na kazi yenyewe, ndipo tuje kwenye pesa.

Kuchoma lita moja ya petroli, injini yako inahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Hewa hiyo yote inapita kwenye filta. Vumbi la murram lina chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha silinda yako. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile zenye ukubwa wa maikroni 5 hadi 20, ndogo sana kuliko unene wa unywele, kwa kuwa zinatosha kuingia kati ya ringi na ukuta wa silinda. Zikichanganyika na oili zinasaga kama ile dawa ya kusagia vali.

Filta ya pamba ni matabaka ya kitambaa kilicholoweshwa oili, yamebanwa katikati ya nyavu za waya. Oili ndiyo inayonasa. Ikiwa imeoshwa na kupakwa sawasawa, inafanya kazi, na kwa mwendo wa lami sina ugomvi nayo. Lakini filta ya karatasi iliyotengenezwa vizuri kwa kawaida inazuia vumbi laini zaidi ya pamba, na ina sifa moja ambayo wengi hawaijui: kadiri inavyotumika, tabaka la vumbi linalotanda juu ya karatasi linageuka kuwa chujio jingine, hivyo filta iliyotumika kiasi inachuja kuliko mpya. Haichoki kuchuja. Inachoka kupitisha hewa, na hapo ndipo unaibadilisha.

Pamba nayo ina mwisho wake. Oili ikikauka au kitambaa kikijaa, inaanza kuachia. Muda mrefu wa kuosha unaotangazwa na watengenezaji ni wa barabara safi. Kwa murram muda huo unapungua sana, na kila kuosha kunataka dawa yake na oili yake, ambavyo ni bei. Gari la zamani linalotembea kilomita elfu chache kwa mwaka linakula filta moja ya karatasi kwa mwaka, pengine hata moja kwa miaka miwili. Piga hesabu ya hizo, weka kando ya bei ya pamba pamoja na chupa mbili za dawa. Kwa gari linalotembea kidogo, akiba utaisubiri miaka mingi. Kwa gari la kila siku lenye kupiga masafa kama lako, itakuja mapema zaidi.

Ushauri wangu: kwa ajili ya ule murram wa wikendi, kaa na karatasi. Ukiamua pamba hata hivyo, iheshimu. Usiioshe kwa petroli wala dizeli. Nyunyiza dawa yake, subiri, suuza kwa maji ya kawaida yasiyo na nguvu, ukianzia upande wa ndani ulio safi kwenda nje ili usisukume uchafu ndani zaidi. Ikauke yenyewe kivulini, bila kompresa, bila moto. Paka oili yake kidogo kwenye kila mkunjo, iache dakika ishirini isambae, kisha gusia sehemu zilizobaki nyeupe. Oili ya injini haifai hapa. Na uwe na filta mbili, ili moja ikikauka gari lisitoke bila kitu.

Fundi wa mtaani kwetu kila nikimpelekea Corolla KE70 anatoa filta ya karatasi anaipuliza kwa kompresa, inarudi kama mpya. Mwingine anaiosha kwa sabuni ya unga. Kuna ubaya? (Moshi)

Kuna ubaya, na wa kuosha ni mkubwa zaidi. Karatasi ile imepikwa na gundi maalumu. Ikiloweshwa na kusuguliwa nyuzi zake zinavimba na kuachana. Filta ya karatasi iliyooshwa ni ya kutupa.

Kupuliza, upepo wa kompresa ukikaribia karatasi unatoboa matundu madogo. Filta inarudi nyeupe na kila mtu anafurahi, kumbe weupe huo umelipiwa kwa matundu. Kama huna nyingine na safari iko mbele, igonge taratibu kwenye kiganja vumbi zito lianguke, ama puliza kwa upepo mdogo sana kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Kisha ingia chumba chenye giza, weka taa ndani ya filta, izungushe. Mwanga unapaswa kuonekana kwa ukungu kupitia karatasi. Ukiona nukta kali ya mwanga popote, hiyo imekwisha.

Je, ni kweli filta mpya inapunguza ulaji wa mafuta? Kila tangazo linasema hivyo. (Dar es Salaam)

Kwa gari la kabureta, ndiyo, kwa kiasi. Kabureta haijui kama filta imeziba. Hewa ikibanwa, mvuto ndani unaongezeka, petroli inatoka nyingi kuliko hewa iliyopo, na hapo unaona moshi mweusi na plagi zenye masizi. Maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, ilipunguza tu nguvu za kuondokea. Kwenye gari la kabureta ulaji uliongezeka kweli. Kuweka mpya kwa wakati wake wa kawaida kunaweza kurudisha kama asilimia 2 hadi 6. Ili upate hasara ya asilimia 10 au 15, filta inabidi izibe kiasi kwamba gari karibu haliendeshiki.

Kwa hiyo anayekuahidi robo tenki kwa kununua filta ya pamba anakuuzia maneno. Badili karatasi iliyoziba, halafu kagua plagi, taimingi na sindano ya kabureta. Mafuta mengi zaidi yanapotelea huko.

Nina Datsun 160J, ile ile ya Safari Rally. Najua magari ya rally hayafungi karatasi, yanafunga sponji au pamba. Kama inatosha kwa Safari, mbona isitoshe kwangu? (Nairobi)

Gari lako lina historia nzito. Shekhar Mehta alishinda Safari na 160J mwaka 1979 na 1980, na naelewa kwa nini unataka lifanane na lile.

Lakini angalia nani anaihudumia filta ya rally. Gari linasimama kwenye sevisi, fundi anatoa filta chafu anaweka iliyo safi, na nyingine inaoshwa ikisubiri. Baada ya mashindano injini inafunguliwa. Ringi zikiwa zimelika, zinabadilishwa, kwa sababu injini ile haikujengwa iishi miaka kumi bila kuguswa. Hata leo kwenye East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003, mpango ni huo huo: filta ni kitu cha kubadilishwa wakati wowote, na timu ina watu wa kufanya hivyo. Wewe una Jumamosi moja kwa mwezi.

Sponji ni filta nzuri. Ina kina, inabeba vumbi jingi kabla ya kuziba, na inaosheka kwa urahisi kuliko pamba. Ukitaka kuifunga, iwe ya kampuni inayojulikana, ipakwe oili yake ya kunata, na ioshwe kila baada ya vumbi la maana. Mambo mawili uyajue. La kwanza, sponji inazeeka hata ikiwa imekaa tu: inaanza kuwa ngumu, kisha inamomonyoka, na vipande vinaingia kwenye kabureta. Ibonyeze kwa vidole. Ikiacha unga, itupe. La pili ni moto. Injini ya zamani ikiwa na taimingi mbovu au mchanganyiko hafifu inaweza kupiga risasi kurudi nyuma kupitia kabureta. Nyumba ya bati ya ea klina huufunga mwali ule. Sponji iliyo wazi, imelowa oili, na juu yake mvuke wa petroli, inaweza kuwaka. Kwa hiyo tyuni gari kwanza, na zimamoto ikae mahali mkono wako unapofika ukiwa umeketi.

Nilinunulia Morris Minor 1000 yangu filta ndogo ya duara ya kuosha, ya chrome, ilikuja na gasketi yake. Tangu siku hiyo gari haivuti. Ikipanda kilima inazubaa. Nikiitoa filta inakuwa nzima. Filta ni mbovu? (Unguja)

Huenda filta haina kosa lolote. Toa hiyo filta, utazame uso wa kabureta ya SU (aina ya kabureta ya Kiingereza yenye pistoni na sindano ndani) pale inapofungwa. Mbali na matundu ya bolti utaona matundu mengine mawili madogo. Hayo ni njia ya hewa kwenda chini ya pistoni ya kabureta. Pistoni hupanda kwa sababu juu yake kuna mvuto na chini yake kuna hewa ya kawaida. Ukiziba matundu hayo haipandi ipasavyo, na kabureta inabaki imebanwa nusu.

Sasa chukua gasketi na bamba la nyuma la filta uviweke juu ya uso huo. Nina imani kubwa utakuta gasketi imegeuzwa, matundu yake yakaenda upande usiohusika, au bamba halikutobolewa kabisa. Igeuze. Kama bamba ndilo tatizo, litoboe, ulisafishe chembe zote kabla ya kufunga. Mwambie fundi asipake silikoni pale.

Baada ya hapo gari likivuta lakini plagi ziwe nyeupe mno, ujue filta hiyo inapitisha hewa zaidi kuliko ya asili na sindano ya SU haitoshi tena. Sindano hizo zilichaguliwa kiwandani kwa kufuata ea klina iliyokuwepo. Utahitaji sindano nyembamba zaidi, inayoachia petroli nyingi zaidi, au urudishe ea klina ya zamani. Mimi ningerudisha, hasa kwa Unguja, kwa kuwa ile duara ndogo inakaa wazi kwa unyevu na chumvi, na waya wake ukianza kutu, kutu ile inaelekea ndani.

Beetle yangu ya 1971 ilikuja na ea klina kubwa ya oili. Mwenyewe wa kwanza aliitoa akaweka filta ndogo ya karatasi juu ya kabureta. Asubuhi za baridi inazima kila nikifika barabarani, nikisubiri dakika chache inawaka na kwenda vizuri. Fundi amebadilisha kila kitu. (Limuru)

Hiyo inaonyesha dalili zote za kabureta kuganda. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na mahali inapopitia panaweza kupoa kwa zaidi ya nyuzi 15. Kwa baridi na ukungu wa Limuru mwezi wa Julai, unyevu wa hewa unageuka barafu ndani ya koo la kabureta, unabana njia, injini inazima. Ukisimama, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, na fundi akifika hakuna cha kuona.

Ea klina ya asili ya Beetle ina mdomo wenye kipepeo (kibati kinachofunguka na kujifunga) na bomba linaloleta hewa ya moto kutoka kwenye injini, kazi yake ikiwa ni hiyo hasa. Aliyeitoa aliondoa pia joto. Tafuta ea klina ya asili, bado zinapatikana kwa wenye spea za zamani, pamoja na bomba lake. Hakikisha kipepeo kinacheza, maana nyingi zimekwama kwa uchafu. Wakati huo huo mwambie fundi aguse bomba jembamba la joto lililo chini ya manifoldi ya kabureta injini ikiwa imewaka dakika kadhaa. Likiwa baridi, limeziba kwa masizi, na ea klina peke yake haitamaliza tatizo.

Assalaam aleikum. Tuko Maskati, nina Land Cruiser FJ40 ya 1978, naipeleka jangwani na njia za milimani. Wenzangu wote wanasema pamba ya kuosha ndiyo ya jangwa. Wewe unaonaje? (Oman)

Waaleikum salaam. Mchanga wa matuta usikutishe sana. Chembe zake ni kubwa, nyingi zinaanguka kabla ya kufika kwenye filta. Kinachoua injini ni lile vumbi jeupe laini kama unga la njia za kokoto, hasa ukimfuata mwenzio kwa karibu. Kwa vumbi hilo naona karatasi kubwa, ndani ya nyumba yake ya asili, na juu yake kichujio cha awali cha kimbunga: kile kinachozungusha hewa na kutupa vumbi zito kwenye kikombe cha plastiki kabla halijafika kwenye karatasi. Kikombe unakimwaga, karatasi inaishi muda mrefu. Chukua karatasi ya akiba ndani ya mfuko uliofungwa. Kuosha pamba jangwani na kuisubiri ikauke huku upepo unapuliza vumbi ni kazi isiyo na maana.

Na mwache mwenzio wa mbele atangulie mpaka vumbi lake litulie.

Filta yangu ya karatasi inalowa oili ndani ya wiki chache, upande wa ndani. Nikiweka ya kuosha si itavumilia? (Mwanza)

Itavumilia, na wewe utakosa kuona ugonjwa. Oili hiyo inatoka kwenye injini kupitia mpira wa kupumulia unaoingia kwenye ea klina. Ama njia ya kupumulia au vali yake imeziba, ama ringi zimelika na gesi inapita kushuka chini. Safisha njia hiyo kwanza. Ikiendelea, pima kompresheni ya silinda zote.

Nina Peugeot 404. Filta yake ya karatasi hapa sipati, na zile nilizoona sokoni nadhani ni feki. Je, hapo si bora ya kuosha? (Bujumbura)

Hapa nakubali ina nafasi. Filta ya kuosha iliyo ya kipimo sahihi ni bora kuliko karatasi bandia, na ni bora mara mia kuliko kutembea bila kitu. Lakini kabla ya kuagiza, jaribu kutafuta karatasi ya gari jingine inayolingana. Pima kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na kimo, kwa milimita, uandike kwenye karatasi uende nayo dukani. Wauzaji wazuri wana vitabu vya vipimo.

Feki utaitambua kwa mkono. Tanua mikunjo: ya kweli ina mingi, imekaa sawa, yenye kina. Mikunjo 60 yenye kina cha sentimita 2.5 na kimo cha sentimita 5, kila mmoja ukiwa na pande mbili, inakupa sentimita 1,500 za mraba za karatasi. Bandia yenye mikunjo 40 inakupa 1,000, itaziba mapema. Bonyeza ukingo wa mpira kwa kucha: wa kweli unarudi, wa bandia unabaki na alama au ni mgumu kama plastiki. Tazama mahali karatasi inapokutana na ukingo, gundi iwe imejaa pote.

Ukipata inayokaribia, usiiamini kwa macho. Finyanga plastisini ya watoto iwe uzi mwembamba, uuweke kuzunguka ukingo wa juu wa filta, funga mfuniko na ukaze kama kawaida, kisha ufungue. Plastisini iliyopondeka pote inaonyesha mpira unabanwa. Mahali ilipobaki mviringo, mfuniko haugusi, na vumbi litapita hapo hapo. Rudia kwa upande wa chini. Pengo likiwa dogo, paka grisi nzito ukingoni na ukague kila wiki kwa kitambaa cheupe kwenye mdomo wa kabureta. Likiwa kubwa, hiyo filta si ya gari lako, irudishe dukani.